Uzi: Fremu ya mtaani kwenu imepitiwa na biashara zipi? Ya kwetu Keko ilianza na studio ya picha, leo ni dubwi

#1 Mtoto wa Keko

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa msibani Keko Magurumbasi, mtaa niliokulia. Wakati tunasubiri mwili nikakaa kwenye baraza ya ng'ambo, macho kwenye fremu ya nyumba ya jirani. Mlango ni uleule wa mbao wa kukunja, ila ndani kuna madubwi, zile mashine za kamari, na vijana wamejipanga na sarafu zao za mia mbili.

Nikaanza kuikumbuka ile fremu ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 80 ilikuwa studio ya picha, ukutani pamechorwa ndege ya ATC na twiga wake mkiani, unasimama mbele yake kama ndiyo kwanza unashuka kutoka Ulaya. Ikaja laibrari ya kukodisha kanda za video, na pembeni jamaa anarekodi kaseti. Ikaja simu ya mezani ya kulipia. Ikaja intaneti kafe, kompyuta chache na feni moja inayolia. Halafu vocha na wakala wa pesa. Sasa dubwi.

Naomba kila mtu ataje fremu ya mtaani kwao imepita mikono gani, na nani aliyeua biashara za zamani. Mimi nasema muuaji ni teknolojia, tena mmoja tu. Mwenye hoja tofauti aje.

#2 Jirani wa Sinza

Dubwi nalo ni teknolojia, mkuu. Sema ukweli, ulikaa barazani au uliingia? Umeliwa ngapi?

#3 Mama Wawili

Umenikumbusha studio! Kwetu Temeke Mikoroshini palikuwa na moja, ina koti la kuazima, tai ambayo fundo halifunguliwi, miwani myeusi na simu ya mezani isiyo na waya. Unaishika sikioni unatabasamu. Nina picha ya marehemu mama yangu amevaa lile koti, na picha ya baba yangu mdogo amevaa koti hilohilo, na picha ya mtu nisiyemjua kabisa nayo koti ni lile lile.

Shida ilikuwa kuipata picha. Unaambiwa njoo Jumatano, Jumatano unaambiwa njoo wiki ijayo. Unalipa nusu, unapewa kikaratasi, unakuwa mtu wa kwenda na kurudi.

#4 Dogo wa Mbagala

Sasa picha moja wiki mbili anafanya nini nayo? Si angeitoa tu akupe?

#5 Fundi Deki

#4 dogo, filamu ya rangi ilikuwa ya picha 36. Ukipiga moja ukaikata ukaipeleka kusafisha, umetupa 35. Kwa hiyo mpiga picha anasubiri wateja wajae. Wewe umepiga ya kwanza Jumatatu, wa mwisho kaja wiki ya pili kwa sababu ya Idi, ndipo filamu inaenda mjini. Huo ndio uchawi wote, hakuna mtu aliyekuwa anakuzungusha.

Na hapa nampinga mleta uzi. Nilikuwa mtoto wa kazi kwenye studio ya mjomba, Ilala, kabla sijahamia kwenye deki za video. Picha nyeusi na nyeupe tulisafisha wenyewe uani. Chumba kimezibwa blanketi dirishani, taa nyekundu, beseni tatu za dawa, picha zinaanikwa kwenye kamba na vibanio vya nguo. Faida yote inabaki kwenu. Rangi ilipoenea hatukuweza tena kusafisha wenyewe, kwa sababu joto la dawa za rangi linataka mashine, na mashine zilikuwa mjini. Mjomba akageuka wakala, anapokea tu na kupeleka, wenye mashine ndio wanakula. Kwa hiyo studio ya mtaani ilishaumwa kabla hata kamera ya dijitali haijazaliwa. Kodak wenyewe wameomba kulindwa na mahakama dhidi ya wadai Januari 2012, mjomba alishafunga zamani anauza mkaa.

#6 Mtoto wa Keko

#5 hayo mashine ya rangi si teknolojia? Umenitetea bila kujua.

#7 Fundi Deki

Teknolojia ilikuwepo kwa wote. Kilichomtoa mjomba ni mtaji. Angekuwa na hela ya mashine angekuwa yeye ndiye wa mjini.

#8 Mpenda Forodhani

Assalaam alaykum. Nyie mnasema studio zimekufa, mie nawaambia nendeni Mji Mkongwe. Capital Art Studio ya Barabara ya Kenyatta imefunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, akaja mwanawe Rohit akaendeleza. Ukutani zimejaa picha za zamani, za masultani, za harusi, za majahazi. Mgeni anaingia ananunua picha ya bandari ya zama hizo, mwenye duka anaishi. Ndugu zetu walioko Muscat wakija likizo lazima wapite, wanatafuta sura za mababu zao mle.

Kwa hiyo si kila studio iliuliwa. Aliyetunza filamu zake alikula mara ya pili.

#9 Jirani wa Sinza

Aliyetunza filamu NA aliyeko mtaa wa watalii. Mjomba wa #5 angetunza filamu za Ilala angemuuzia nani? Mimi nilivyokuwa darasa la tatu na kamasi?

#10 Kijana wa Majengo

Hodi kutoka Mombasa. Hapa kwetu kulikuwa na N. V. Parekh, studio yake ilikuwa na jina mji mzima, mabibi harusi walikuwa wakipigwa picha pale na buibui, waume wamekaa na suti kama waigizaji wa Bombay. Zile picha baadaye zimepelekwa maonyesho ya ng'ambo. Sisi wenyewe tulizitia kwenye albamu, panya wakala.

Ama fremu ya kwetu Majengo, ilikuwa fundi cherehani, ikawa simu ya jamii, ile ya kijani. Ikaja M-Pesa Machi 2007, yule mwenye simu akabadilisha ubao tu, kiti ni kilekile, hata kalamu imefungwa uzi uleule. Huyo hakufa, alivuka.

#11 Mzee wa Foleni

Vijana, marahaba mnazodai mtapata baadaye, someni kwanza. Nyote mnaanzia miaka ya 80 mwishoni kana kwamba kabla ya hapo mitaa ilikuwa pori.

Fremu ninayoijua mimi iko Magomeni Mapipa. Ya kwanza nakumbuka ni fundi cherehani, Singer ya miguu, kazi yake kubwa bugaluu. Kitambaa unanunua cha Urafiki, kile kiwanda tulichojengewa na Wachina kikafunguliwa 1968, fundi anakupima, unalala unaota suruali. Chini unavaa raizoni. Viatu vya kawaida vilikuwa vya Bora, maana Bata ilitaifishwa ikageuzwa Bora.

Halafu ile fremu ikawa duka la ushirika. Mnajua foleni nyie? Unaamka alfajiri unaweka tofali kushika nafasi. Tofali lako likisogezwa ni ugomvi. Sukari kwa kadi, sabuni ya mche inakatwa kwa uzi ili watu wengi wapate. Unga ulikuwa wa njano, wa msaada, tukauita unga wa Yanga, na watu wa Simba walikula kimya kimya.

1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Fundi wangu wa zamani, ambaye alikuwa amehamia kuuza vitenge, usiku mmoja tukamkuta anachimba uani. Hatukumuuliza. Asubuhi pale pamepandwa mgomba. Bajeti ya 1984 ikafungua milango, watu wakaruhusiwa kuagiza mali kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi. Mitumba ikaingia kama mvua. Fremu ikawa ya mitumba mpaka ilipovunjwa.

Kwa hiyo muuaji si mashine wala mtaji. Ni serikali. Ikikohoa tu, mtaa mzima unabadilisha biashara.

#12 Dogo wa Mbagala

Shikamoo mzee. Ule mgomba ulizaa?

#13 Mzee wa Foleni

Marahaba. Ulizaa, na kitenge kilichotoka kilikuwa na harufu ya udongo mpaka mwisho wake.

#14 Msajili Mstaafu

Mzee #11 nakuheshimu, ila mitumba haikuanza 1984. Kafa Ulaya ilikuwepo zamani, mingine kupitia misheni, mingine ya magendo. 1984 ilihalalisha na kuongeza tu. Na cherehani haijafa, nenda kaone Desemba mwishoni watu wanavyoshona sare za shule.

Mimi naleta hoja ambayo hakuna aliyeigusa: kodi ya pango. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa miaka mingi aliyekuwa na fremu Kisutu, Upanga au Mtaa wa Samora alilipa kodi ndogo kwa sababu kulikuwa na Sheria ya Kuzuia Kodi. Ndiyo maana pale mjini ulikuta fundi saa amekaa miaka 40, duka la vitabu, mkaanga korosho. Ile sheria ikafutwa 2005. Kodi zikaanza kufuata soko, na fundi saa hawezi kushindana na benki.

Tafuteni mwaka ambao maduka mengi ya mjini yalifungwa, halafu mnijibu.

#15 Mtoto wa Keko

#14 somo zuri, ila Keko hakuna nyumba ya Msajili. Ile fremu ni ya mzee wa Kizaramo, kodi alikuwa anapokea hata kwa samaki.

#16 Bi Mkubwa wa Gerezani

Mwanangu #15, hapo ndipo penyewe. Huyo mzee yuko hai?

Naongea kilichotokea kwetu. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, fremu mbili mbele. Moja muuza barafu na sambusa, nyingine fundi redio. Baba alipofariki tulikuwa watoto wengi wa mama watatu. Mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi, vikao, maneno. Mwisho ikaamuliwa iuzwe tugawane. Aliyenunua amejenga ghorofa, fremu ya chini unalipa mwaka mzima mbele, na kabla ya hapo unatoa kilemba kwa anayeondoka, na dalali anachukua wa mwezi mmoja. Fundi redio atatoa wapi? Yule baba alihamisha meza yake barabarani, baadaye wakamwondoa na wamachinga wengine, sijamwona tena.

Kariakoo karibu yote ndiyo hadithi hiyo. Msitafute muuaji mbali, ni sisi watoto wa wenye nyumba.

#17 Jirani wa Sinza

Uzi umekuwa mzito ghafla. Turudi kwenye kanda jamani. Nani alikuwa mwanachama wa laibrari?

#18 Fundi Deki

Nimeitwa. Laibrari tuliandika jina, nyumba namba fulani, jina la mzazi, na kianzio unaacha. Kanda ikirudi haijarudishwa mwanzo unalipa. Ikirudi na mende ndani unalipa zaidi, na usicheke, mende wanapenda deki kwa sababu ina joto. Kichwa cha deki tulisafisha kwa spiriti na kipande cha karatasi nyeupe, unakibana kwa kidole kimoja unazungusha taratibu kwa mkono wa pili. Ukitumia pamba nyuzi zinabaki, picha inaanza kushuka theluji.

ITV ilipoanza ndipo watu wakanunua TV, na laibrari zikachangamka.

#19 Msajili Mstaafu

ITV imeanza 1994. Video za mtaani tulizilipia kuangalia tangu katikati ya miaka ya 80, TV Bara hakuna, ila Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70. Watu walinunua TV kwa ajili ya deki, si kwa ajili ya ITV.

#20 Mpenda Forodhani

Ahsante kwa kututaja. Bara walikuwa wakija kushangaa.

#21 Kibanda Umiza

Jina langu linanitambulisha, mimi ni wa banda la video. Benchi za mbao, dirisha limezibwa gunia, jasho, na mtu mrefu ndiye anakaa mbele siku zote. Filamu za Kichina, za Kihindi, za komandoo. Na zile zilizotafsiriwa na Lufufu! Sterlingi anaongea maneno matatu, Lufufu anaongea dakika nzima, anamtukana adui, anatuambia ukoo wake, anatuonya kwamba huyo dada mwenye gauni jekundu si mtu mzuri.

Kibanda umiza hakijafa. Kimebadilisha filamu ikawa mpira. Ligi ya Uingereza Jumamosi hupati pa kukanyaga. Ila tangu Azam TV waje, mwisho wa 2013, mechi za Simba na Yanga watu wengi wanaangalia sebuleni. Wanakuja kwetu kwa ajili ya kelele tu, na kelele hatuwezi kuitoza.

#22 Dogo wa Mbagala

Huyo Lufufu alikuwa anajua Kichina?

#23 Kibanda Umiza

Swali hilo lingekutoa nje ya banda, na hela yako isingerudi.

#24 Kijana wa Majengo

Kwetu ni DJ Afro. Mpaka leo kuna watu wanakataa kuangalia filamu ambayo hajaipitia.

#25 Dada Stashonari

Nimesoma tangu mwanzo nimevumilia, sasa nasema. Studio ya picha haijafa. Studio ni mimi.

Niko Ubungo, fremu yangu ina ubao umeandikwa stashonari. Ndani kuna ukuta mmoja nimepaka bluu, stuli moja, kamera na printa. Pasipoti saizi ndiyo inanilipia umeme. Mwezi wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu silali, wazazi wanaleta vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA mtandaoni, wanafunzi wanajaza fomu za bodi ya mikopo, mwenye digrii anakuja kuingia kwenye mfumo wa maombi ya ajira serikalini, nywila kaisahau, barua pepe aliyotumia ilikuwa ya shemeji yake. Nakaa naye saa nzima. Hiyo ndiyo intaneti kafe mnayosema imekufa. Zamani walikaa wenyewe kwenye kompyuta, sasa wanasimama nyuma yangu wananisomea.

Koti la kuazima ninalo pia. Na tai. Fundo halifunguliwi.

#26 Mama Wawili

#25 nimecheka peke yangu kwenye daladala. Basi vita imeisha, dada kashinda.

#27 Mtoto wa Keko

Haijaisha. Kafe ilikuwa sehemu ya kukaa. Sisi tulijifunza kuandika barua pepe pale, tunalipia nusu saa, tunaandika barua kwenye karatasi kwanza nyumbani ili tusipoteze muda. Na mnakumbuka ule mwendo wa konokono? Halafu mkongo wa intaneti wa baharini ukaja, SEACOM Julai 2009, tukasema sasa kafe zitatajirika. Badala yake zikafa haraka zaidi, maana intaneti ilipokuwa rahisi ikaingia kwenye simu.

#28 Wakala Tandika

Salamu wakuu. Mimi ndiye mpangaji wa tano kwenye orodha ya mleta uzi, yaani wakala. Nami naondoka.

M-Pesa ilipoingia nchini 2008 wakala alikuwa mtu. Mteja anafika hajui kutoa, unamshikia simu, unamfundisha. Kamisheni ilieleweka. Sasa hivi mtaa wangu kila baada ya hatua chache kuna mwamvuli. Floti, yaani salio la kufanyia kazi, unahitaji kwenye mitandao yote, mteja wa laki tano akija huna, anakwenda kwa mwingine harudi. Julai 2021 ilivyokuja tozo ya miamala, juu kabisa ilifika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, watu wakarudi kubeba fedha mkononi. Baadaye wakapunguza asilimia 30, lakini mazoea yalishaharibika. Na sasa kuna lipa namba, mteja analipa dukani moja kwa moja, hanipitii mimi.

Mwenye nyumba wangu ameshaongea na watu wa mashine za mia mbili. Wanamlipa vizuri kuliko mimi na hawamsumbui na umeme.

#29 Jirani wa Sinza

Tigo Pesa nao vipi, bado unao?

#30 Wakala Tandika

Kampuni inaitwa Yas tangu Novemba 2024, huduma ni Mixx. Ubao wangu bado una maandishi ya zamani, rangi ni gharama.

#31 Mtu wa Kimara

Mnasahau barabara. 2017 bomoabomoa ya Kimara mpaka Kiluvya, upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga, ile ya mkanda mrefu, ukipita nguo zinakuwa nyeupe. Akina mama walipanga ndoo kwa zamu, mwenye kukoboa upande huu, mwenye dona upande ule. Iliwekwa alama ya X nyekundu, tukaambiwa tuko ndani ya hifadhi ya barabara. Mashine tuliihamishia ndani kabisa, kwenye kilima, ambako mkokoteni haupandi. Wateja wakazoea unga wa pakiti.

Hakuna teknolojia hapo, hakuna mtaji, hakuna mirathi. Ni tingatinga.

#32 Mzee wa Foleni

Tingatinga la nani? Nilishasema mimi.

#33 Mshona Nywele

Wanaume mmejaza uzi, hamjataja saluni hata moja. Fremu ya saluni aliyoanzisha shangazi yangu Kinondoni bado ni saluni. Alianza na chanuo la moto, linakaa juu ya jiko la mkaa, analijaribu kwanza kwenye gazeti, likiunguza gazeti linasubiri, likiacha rangi ya chai ndiyo linaingia kichwani. Unashika sikio lako mwenyewe kulikinga. Ikaja kalikiti, mito yote ya makochi nchini ikawa na mafuta. Ikaja dawa za kulainisha, ikaja rasta, ikaja wigi. Fremu haijabadilika kwa sababu kichwa lazima mtu akilete mwenyewe. Huwezi kutuma kichwa kwa simu.

#34 Kibanda Umiza

Na umbea huwezi kuupakua.

#35 Mshona Nywele

Umbea umehamia kwenye magrupu, ila wa saluni una ushahidi.

#36 Mangi wa Pili

Nimeona hapa juu watu wanalia wafu, ngoja niwape aliye hai. Duka la Mangi. Baba yangu alifungua Tabata, mimi nimerithi. Zilikuja supamaketi zenye magari ya kusukuma na viyoyozi. Shoprite wakauza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt 2014. Uchumi wakafunga 2015. Nakumatt naye akaanguka. Mimi nipo, napima mafuta ya kula robo, nauza kitunguu kimoja, sigara moja, panadoli mbili.

Siri ni daftari. Lile lenye jalada gumu, linaning'inia kwa kamba kwenye msumari. Supamaketi gani itakuandikia mkate mpaka tarehe 28?

#37 Bi Mkubwa wa Gerezani

Mangi, na wanaohama usiku?

#38 Mangi wa Pili

Mama, nina kurasa zao. Mmoja kachangia kwenye uzi huu, simtaji. Mchele kilo mbili, sabuni na vocha.

#39 Dogo wa Mbagala

#17 umekuwa kimya ghafla, kiongozi.

#40 Jirani wa Sinza

Mimi sijawahi kukaa Tabata.

#41 Mangi wa Pili

Sikusema Tabata ndiko alikohamia.

#42 Nyakato

Mwanza hapa. Nimechelewa, ila nashangaa mmefika #41 bila baiskeli za kukodi. Kwetu chini ya mwembe jamaa alikuwa na baiskeli mchanganyiko, unalipia nusu saa, unaacha shati kama dhamana. Mtaa mzima unaona watoto wako vifua wazi wanajua baiskeli zimetoka. Ukizidisha muda anakufuata mbio na filimbi. Leo pale ni kijiwe cha bodaboda na mwenye kijiwe ni mtoto wa yuleyule jamaa. Kama ni kifo basi hicho kifo kina urithi.

Kuhusu muuaji, namuunga mkono #7. Mtaji. Baba alikuwa na baiskeli, mtoto akapata mkopo wa pikipiki, kwisha.

#43 Msajili Mstaafu

Mkopo wa pikipiki wenye riba gani? Ukishaijua utakuja upande wangu, maana kodi na riba ni ndugu.

#44 Mtoto wa Keko

Ahsanteni wote. Nimebaki na teknolojia yangu, lakini nimeongeza kidogo mirathi, maana nimeuliza, yule mzee wa Kizaramo amefariki na watoto wanavutana.

Nina shida nyingine. Kwenye ule msiba nimepewa mfuko wa kanda za VHS, mojawapo ni harusi ya wazazi wa marehemu. Nani anaweza kuzihamishia kwenye flashi hapa Dar? #5, bado una deki?

#45 Fundi Deki

Ninayo, inafanya kazi. Kabla hujaleta, fungua kile kifuniko cha kanda uangalie utepe kwenye mwanga wa jua. Ukiona madoa meupe ni ukungu, usijaribu kuicheza kwenye deki ya mtu yeyote, itakwama na kuchafua kichwa, na vichwa vipya havipatikani. Niletee hivyo hivyo. Zisizo na ukungu zianike ndani, kivulini, siku moja. Anza na ya harusi peke yake, nyingine tutaona.

#46 Mama Wawili

#45 nami nina mbili. Unachukua kiasi gani, na unaandika kwenye daftari?